Mama Mkwe Nyuma ya Pazia

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na naomba asitokee mtu wa kunigombania nafasi hiyo. Nimeihangaikia.

Kwa mnaoanza kunisoma leo, karibuni, mmekosa mengi na hamjakosa kitu. Mimi ni Ndaki, mzaliwa wa Samuye. Ndiye yule niliyeuza ng'ombe wa baba nikanunua almasi Maganzo, ikaja kubainika kuwa ni kitako cha chupa. Ndiye niliyechimba duara, shimo la wachimbaji wadogo, kule Kakola nikitafuta dhahabu mpaka likajaa maji, nikawa mtu pekee katika ukanda mzima mwenye bwawa la samaki lisilo na samaki. Ndiye niliyekimbilia machimbo ya Migori, nchi ya Kenya, kufuata dhahabu, nikarudi na mke.

Mke anaitwa Zipora. Huyo hakuwa chupa.

Wiki iliyopita niliwaacha pale ambapo Zipora amejifungua kwa upasuaji, amelala nyumbani kwetu Kakola, hata ndoo hawezi kuinua. Mama yake kapanda basi Migori, kavuka mpaka pale Sirari, kalala Mwanza kwa jamaa zao, na sasa yuko njiani kuja kumlea mzazi na kichanga chetu, Nelly. Mama wa watu hajawahi kukanyaga nje ya Kenya maisha yake yote. Kijana wake Eliya, ambaye mama anaishi kwake, aliombwa amsindikize mama nchi ya watu. Akajibu kuwa ana kikao.

Kazi yangu ilikuwa nyepesi. Nimpokee stendi ya Shinyanga, nimfikishe Kakola akiwa hai.

Nusu ya kwanza nilifaulu vizuri sana.

Sasa elewa shida yangu. Kwetu Usukumani mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Humshiki mkono, humkodolei macho, huli naye, jina lake hulitaji. Kwao Wajaluo ni hivyo hivyo, tena wao wameongeza na chumvi. Kwa hiyo mimi na yule mama tulikuwa tumeshakubaliana kabisa, bila kuongea, kwamba tusiongee.

Mtu mwenye akili angetafuta mwanamke mmoja wa kuongozana nao. Mimi nilitafuta pazia.

Niliazima gari aina ya Noah kwa Pantaleo, mnunuzi wa dhahabu pale Kakola, nikachukua kitenge cha Zipora chenye tausi nikakifunga katikati, viti vya mbele huku, viti vya nyuma kule. Nikasimama nje nikaitazama kazi yangu. Nikaona bado. Kile kioo cha ndani cha kutazamia nyuma kingeweza kuchungulia juu ya kitenge. Nikakigeuza kikatazama dari.

Zipora alinipigia nikiwa njiani kwenda Shinyanga.

"Baba Nelly, hakikisha mama anakula. Unanisikia? Asikae na njaa."

"Mke wangu, mkwe wangu akae na njaa mimi nikiwepo?"

"Sema utahakikisha."

"Nitahakikisha."

Nilidhani ni yale mapenzi ya kawaida ya mtoto kwa mama. Wanawake wote husema mama asikae na njaa. Ningejuaje kuwa safari hii ilikuwa maelekezo ya kitabibu?

Stendi nilimtambua kwa mbali. Kilemba cha kijani, begi kubwa, mkoba mdogo kaukumbatia kama kifaranga. Sikumsogelea. Nilikwenda kwa mama lishe mmoja, Vumilia, ambaye kila nikipita Shinyanga nakula kwake.

"Vumilia, unamwona yule mama wa kilemba cha kijani? Mpelekee wali kuku. Kisha mwambie gari lake ni lile la kijivu."

"Si umwambie mwenyewe? Yule pale, hata kupiga kelele huhitaji."

"Ni mkwe."

"Haya, basi," akasema Vumilia, akachota wali bila swali la pili. Ndiyo raha ya kuwa nyumbani.

Mama alipopelekewa chakula alishukuru, akaomba aoneshwe choo, akaenda na ule mkoba mdogo. Akarudi, akakaa kwenye benchi, akafungua chakula. Akainua macho. Akaniona nimeegemea gari upande wa pili, nimefumbata mikono, nasubiri kwa heshima zote.

Akafunga chakula.

Moyo wangu ulijaa fahari. Nikasema huyu ndiye mama, huyu amelelewa.

"Vumilia," nikaita, "mpandishe garini na chakula chake. Atakula humo, kuna pazia."

"Mwache ale kwanza jamani, chakula kingali moto."

"Mama huyu hawezi kula mbele yangu."

"Basi wewe ondoka mbele yake."

Msomaji, ningemsikiliza Vumilia hadithi ingeishia hapo, na nafasi hii gazetini ingejazwa na tangazo la viwanja. Lakini mimi nilikuwa na haraka, gari lilikuwa la watu, na nilikuwa na pazia. Mama akapandishwa nyuma kama bibi harusi. Tukaondoka.

Kwa kuwa sikuweza kuzungumza na mkwe, nilizungumza na usukani.

"Ee usukani," nikasema kwa sauti ya kusikika, "waambie wageni hapa tunapita Samuye, ndipo kwetu. Yale mabati yanayong'aa kule ni kwa mjomba."

Nyuma ya tausi ukatoka mguno. "Mmh."

Nikafurahi. Mazungumzo yamefana.

"Ee usukani, waambie wageni mvua mwaka huu zimetusumbua, lakini mpunga wa Kahama watauona."

"Mmh."

Tulipofika Tinde nilifikiria kusimama kidogo, nishuke ninyooshe miguu. Kisha nikajiuliza, nikisimama, si mama ataona kama namfukuza garini? Au ataona nimesimama ili nimchungulie? Nikapitiliza. Nimekuja kujua baadaye kwamba na yeye, kule nyuma, alikuwa amekumbatia wali wake akimwomba Mungu nisimame, nishuke, niende hata kukojoa, apate kula. Ale vipi ndani ya gari moja na mkwe wake, eti kwa sababu ya kitambaa? Tausi hazibi harufu ya kuku.

Basi mimi namheshimu, yeye ananiheshimu, na wali unapoa.

Baada ya Tinde nikasikia anacheka peke yake. Kicheko kidogo, cha chini. Kisha akaongea Kijaluo, maneno yanapandana pandana, kisha akacheka tena. Nikajisemea safari imemkolea. Wakwe wengi hununa.

"Ee usukani, waambie wageni tunakaribia Isaka."

Kimya.

"Waambie kule kuna reli."

Kimya. Nikapunguza mwendo nisimwamshe. Nilikuwa mkwe wa mfano. Ingekuwa kuna kombe la wakwe, ningepita nalo mtaani juu ya gari.

Karibu na Isaka akajitokeza askari wa usalama barabarani, binti mwembamba, sare nyeupe, kibandiko cha jina kifuani: Mwaisha. Akapunga mkono. Nikaegesha.

"Shikamoo afande."

"Shikamoo ya nini, kaka? Mimi nimekuzidi nini?"

"Naisalimia sare."

Hakucheka. Akaingiza kichwa dirishani.

"Dereva, kioo chako cha ndani kinatazama dari."

"Ndiyo afande."

"Darini kuna magari?"

"Hakuna afande. Kuna heshima."

"Na hili pazia? Umebeba nini nyuma?"

"Mkwe."

"Mkwe mzigo au mkwe mtu?"

"Mama yake mke wangu, afande. Ametoka Kenya. Amepumzika, nakuomba usimsumbue, ni mtu mzima."

Mwaisha akazunguka, akafungua mlango wa nyuma. Sikugeuka. Hata hapo, msomaji, sikugeuka. Nilikuwa natazama mbele kama picha ya kitambulisho.

"Dereva. Shuka."

"Afande, kioo nitageuza sasa hivi…"

"Nimesema shuka! Huyu mama ndio analala hivi?"

Nikashuka. Nikachungulia kwa jicho moja, lile lenye heshima kidogo. Mama alikuwa ameinamia dirisha, kilemba kimevuka sikio, jasho linamtiririka kama katoka kwenye duara, mdomo wazi. Wali uko mapajani, umefungwa vilevile Vumilia alivyoufunga.

"Mshike mkono uone kama ana joto," akasema Mwaisha.

"Siwezi."

"Huwezi una nini?"

"Ni mwiko, afande. Kwetu na kwao."

Alinitazama. Nimetazamwa na watu wengi katika maisha yangu, wakiwemo walioniuzia chupa, lakini sijawahi kutazamwa vile.

"Kaka, mwenzio anakufa na wewe unaniletea mwiko?" Akamshika mwenyewe. "Wa baridi! Ametota. Mama! Mama! Anaitwa nani?"

"Mama Zipora."

"Jina lake!"

"Silijui."

"Hujui jina la mama mkwe wako?"

"Hatutajani, afande."

Hapo Mwaisha akarudi hatua moja, na nikaona mawazo yake yanavyopita usoni mwake kama magari. Mwanamke wa kigeni. Hajitambui. Nyuma ya pazia. Dereva kageuza kioo asione. Dereva hajui jina. Mimi mwenyewe ningekuwa askari ningejikamata.

"Tutayaongea hayo baadaye," akasema, na hiyo "baadaye" aliitamka na pingu ndani yake. Akapanda nyuma, akamlaza mama kwa ubavu, akang'oa kitenge kwa mkono mmoja. Akainuka, akageuza kioo mahali pake. "Zahanati iko hapo mbele. Endesha. Na utazame nyuma!"

Niliendesha. Nilitazama nyuma. Kwa mara ya kwanza nikamwona mkwe wangu sura, na ilikuwa sura ya Zipora, imezeeka, haina damu. Utani wote ukanitoka. Kule Kakola kulikuwa na mwanamke mwenye mshono tumboni, anasubiri mama yake. Na mimi ndiye niliyesema nitahakikisha.

Njia ya kuingilia zahanati ilikuwa imechimbwa kupitisha bomba la maji. Mtaro kutoka upande mpaka upande. Gari likagoma kwenye ukingo.

"Mbebe," akasema Mwaisha.

"Afande…"

"Mimi nikimbeba tutaanguka wote mtaroni. Mbebe!"

Nikafumba macho, nikageuza mgongo, nikainama. Nikasema, mizimu ya Samuye na ya Migori, kaeni kikao mnihukumu kesho. Mwaisha akamwegesha. Nikapitisha mikono chini ya magoti ya mama mkwe wangu, nikasimama, nikavuka ule mtaro.

Mwaisha akatangulia akisafisha njia kwa filimbi.

"Pisheni! Pisheni mgonjwa! Pisheni, anambeba mama mkwe wake!"

"Afande, hilo la mwisho halikuwa na ulazima."

Walikuwepo akina mama wanauza viazi kando ya njia. Kisu cha kumenyea kikasimama hewani.

"Mayu! Mama wee! Kambeba nani?"

"Mkwewe! Mgongoni!"

"Yule ng'wanawane, mwanangu yule, ana wazimu au ana huruma?"

"Vyote, vyote! Tazama anavyokimbia!"

Ndani nilipokewa na nesi mmoja, Justa, na tabibu anaitwa Deusdedit, mtu mpole mwenye miwani. Mama akalazwa kitandani. Mwaisha akawapa maelezo kwa kifupi, akanielekezea kidole, akasema huyu asiondoke, akarudi barabarani alikoacha lindo.

"Jina la mgonjwa?" Justa akauliza.

"Mama Zipora. Jina lake silijui, ni mkwe."

"Umri?"

"Hajawahi kuniambia."

"Ana ugonjwa wowote? Anatumia dawa gani?"

"Dada, mimi na mama tunaheshimiana."

"Naona," akasema Justa. "Mnaheshimiana mpaka makaburini."

Deusdedit alikuwa ameshamtoboa kidole, anatazama kipimo. "Sukari imeshuka mno. Nesi, glukosi, haraka! Ndugu, huyu mama anachoma sindano ya sukari?"

Sikujua. Nikampigia Zipora. Simu yangu sikio lake lilikufa zamani, inaongea kwa spika tu, kwa hiyo siri zangu zote ni mali ya kata nzima.

"Mmefika wapi?" Sauti yake changa, imejaa furaha. Nyuma yake Nelly analia.

"Mke wangu, hivi mama ana sukari?"

Furaha ikakatika.

"Anachoma sindano kabla ya kula. Kwa nini unauliza? Alinipigia toka stendi, akasema chakula kimeshafika, anakwenda kuchoma. Baba Nelly, mama amekula nini?"

"Chakula kipo."

"Sijauliza kama kipo."

"Zipora…"

"Ndaki! Nimekuuliza mama yangu amekula nini!"

Akishaniita Ndaki ujue pamekwisha kuharibika. "Hajala," nikasema. "Alikuwa ananionea haya. Na mimi nilikuwa namwonea haya. Tuko zahanati Isaka."

Nilichosikia baada ya hapo si cha gazetini. Alilia, na mtoto akalia, na mimi nikabaki nimeshika simu mbele ya tabibu na nesi ambao walikuwa na adabu ya kujifanya wana shughuli.

"Ngoja, Zipora," nikasema. "Nimembeba. Nimemfikisha. Wanamtibu."

"Umembeba?"

"Mgongoni."

"Kaka Eliya atasemaje?" akanong'ona, akakata.

Dripu ikaingia. Tukakaa. Sijui tulikaa kwa muda gani, lakini hakuna shimo nililowahi kushuka lililokuwa refu kama kile kikao cha kumtazama mtu kope. Kisha kidole kikacheza. Kisha mdomo. Kisha macho yakafunguka, yakazunguka dari, yakamwona Justa, yakamwona Deusdedit.

"Yawa," akasema kwa sauti ya mbali. "Hapa ni wapi?"

"Isaka, mama. Tanzania. Uko salama," akasema Deusdedit.

Kisha yakaniona mimi. Akavuta shuka mpaka kidevuni.

Nikageuka nikatazama ukuta. Nilitaka kulia na nilitaka kucheka, ukuta ukanisitiri vyote viwili.

"Sikilizeni," Deusdedit akasema. "Hatujamaliza. Ile sindano aliyochoma bado inafanya kazi mwilini. Dripu imemwamsha, lakini asipokula sasa hivi sukari itashuka tena. Na safari ya pili huwa mbaya zaidi. Kuna ndugu wa kuleta chakula chepesi, kama uji?"

Nilikimbilia dukani, nikaleta sukari na unga. Justa akapika uji, akautia sukari ya kutosha, akamkabidhi mama kikombe. Nikarudi kwenye ukuta wangu.

"Kunywa, mama," akasema Justa. "Mkweo hatazami. Anautazama ukuta kama anataka kuuoa."

Nikasikia kikombe kinainuliwa. Na simu ikaita.

Eliya.

Nilipokea kwa adabu. Kosa langu la pili siku ile, kama tunahesabu kwa huruma.

"Skiza, shemeji," Eliya akaanza, bila salamu. "Zipora amenipigia analia. Ati umemshika mama?"

"Shemeji, mama alizimia. Sasa ameamka, anakunywa uji, mshukuru Mungu."

"Uji wa nani?"

"Wa nesi. Sukari na unga nimenunua mimi."

"Basi asiunywe."

Deusdedit akavua miwani. Nyuma yangu kikombe kikatua mezani.

"Umesemaje?" nikauliza.

"Niko na wazee hapa. Wamesema mtu amemgusa mama mkwe, hiyo ni makosa kubwa. Lazima mbuzi achinjwe kwanza. Mpaka hapo mama hawezi kula kitu imetoka kwa mkono yako."

"Nitatoa mbuzi, shemeji. Naahidi mbele ya tabibu. Lakini anywe kwanza."

"Mbuzi kwanza. Uji baadaye."

"Ndugu yangu," Deusdedit akainamia simu, "mimi ndiye ninayemtibu. Mgonjwa hana muda wa kusubiri mbuzi."

"Daktari, wewe tibu. Mambo ya kwetu tuachie."

"Sasa nitatibu nini ukinizuilia dawa?"

"Mama!" Eliya akapaza sauti. "Unanisikia? Usiweke hiyo kitu mdomoni! Wazee wamesema!"

Sikuweza kugeuka kumtazama, lakini nilimsikia. Kijiko kilikuwa kinagonga gonga pembeni ya kikombe, tiki tiki tiki. Nikadhani anakoroga. Justa akasema polepole, "Tabibu, mkono umeanza kutetemeka, sukari inashuka tena."

Hapo nikapandwa na hasira, mimi ambaye nilitapeliwa almasi nikacheka.

"Eliya! Wazee wako wamekaa wapi sasa hivi? Kivulini? Wamekunywa chai? Mama yako anatetemeka hapa!"

"Usinipandishie sauti! Kwanza niambie, ulimshika vipi?"

"Nilimbeba mgongoni."

"Mgongoni! Na miguu? Miguu yake ilikuwa wapi?"

"Ilikuwa miguu ya mtu anayekufa, Eliya! Ilikuwa inaning'inia!"

"Sikia basi. Kesho asubuhi nakuja na baba mdogo na gari. Tunamchukua mama. Tunamchukua na Zipora, na mtoto. Watu hawana mila hatuwaachii mtu wetu."

Zipora na mshono wake. Nelly ambaye nilikuwa bado sijazoea kumshika. Nilikuwa tayari kusema chochote, kuomba msamaha kwa kumwokoa mtu, kusema naam shemeji, mbuzi kwanza.

Ndipo nikasikia kijiko kimewekwa chini. Kisha funda. Moja refu. Kisha jingine. Chumba kizima tulisikiliza mtu anavyokunywa uji, na nina hakika hata Migori walisikia, maana Eliya alisema, "Mama? Hiyo ni nini? Mama?"

Kikombe kikarudi mezani kikiwa kitupu, kwa mlio.

"Mkwe," ikasema sauti nyuma yangu. Ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha. "Geuka. Sogeza hiyo simu."

Nikageuka. Alikuwa amekaa, kilemba amekinyoosha, ndevu za uji juu ya mdomo, macho makavu kabisa. Nikamsogezea simu kwa mikono miwili.

"Eliya, nimekusikia sana. Umeuliza uji ni wa nani. Umeuliza miguu yangu ilikuwa wapi. Hujauliza kama nimepona."

"Mama, mimi nilikuwa nataka tu mila zetu…"

"Mbuzi mlete, nitamla sahani moja na huyu. Na mkija njooni na nguo zangu zote, na kile kitanda changu, maana kwako sirudi tena. Nimehamia Kakola."